Mzee ametolewa vinyama kwenye utumbo mpana: ale matunda gani, lini, na kwa namna gani?

#1 – Mleta mada

Wanajukwaa, habari zenu, na kwa wakubwa wangu, shikamooni.

Mzee wangu, ambaye amevuka miaka sitini, wiki hii amefanyiwa kipimo cha kamera ya utumbo mpana hapa Dar es Salaam baada ya kulalamika kwa muda kwamba anaona damu kwenye choo. Daktari alikuta vinyama viwili, vile ambavyo kitaalamu huitwa polipu, akavikata palepale kwa kitanzi cha waya kinachopitishwa ndani ya kamera na kuvipeleka maabara. Mzee aliruhusiwa kurudi nyumbani jioni ileile. Karatasi tuliyopewa inasema ale vyakula laini, arudi kuchukua majibu, na awahi hospitali iwapo ataona damu nyingi. Kuhusu matunda haisemi neno.

Mjadala ulianza tulipofika nyumbani. Shangazi anashikilia kwamba tunda lolote ni marufuku, na kwamba mgonjwa ale mtori na uji mpaka majibu yatoke. Baba mdogo amekuja na papai zima na anasisitiza kwamba mzee atafune na mbegu zake, kwa kuwa eti zinasafisha tumbo. Jirani ameleta ukwaju ili choo kisiwe kigumu. Mzee mwenyewe hataki kusikia habari za mtori. Anataka embe, maana ndio msimu wake, na embe analolipenda ni lile bichi lenye chumvi na pilipili.

Naomba mwenye ujuzi, au aliyewahi kumuuguza mtu wa namna hii, atueleze ni matunda gani yanafaa, yaanze lini, na kwa sababu gani. Sababu ndiyo ninayoihitaji zaidi, kwa sababu nikirudi nyumbani na orodha isiyo na maelezo, shangazi hatanielewa. Niongeze kwamba mzee anatumia dawa za presha pamoja na aspirini ndogo ya kila siku.

#2 – Muuguzi

Ndugu mleta mada, pole kwa kuuguza. Nafanya kazi katika chumba cha vipimo vya kamera, kwa hiyo swali lako ni la kila wiki kwangu, na nitalijibu kwa kuanza na kidonda kabla ya kufika kwenye tunda.

Kinyama kidogo, tuseme cha chini ya milimita 10, mara nyingi hukatwa kwa kitanzi kisicho na umeme. Kidonda kinachobaki ni cha juujuu, hutoa damu kidogo palepale na kuanza kupona haraka. Mgonjwa wa aina hii kwa kawaida hurudia chakula chake cha kila siku siku ileile au kesho yake, matunda yakiwemo. Kinyama kikubwa ni habari nyingine. Hicho hukatwa kwa kitanzi chenye umeme ili mishipa ya damu ifungwe kwa joto, na wakati mwingine daktari hudunga maji chini yake kwanza ili kukiinua kutoka kwenye ukuta wa utumbo. Joto lile huacha sehemu iliyoungua, na kama ilivyo kwa kidonda chochote cha moto, gaga hufanyika juu yake kisha hudondoka baada ya siku kadhaa. Hapo ndipo damu inaweza kutoka upya, ingawa mgonjwa alikuwa ameshajiona mzima, na ndiyo maana tunawaambia watu wawe waangalifu kwa takriban siku 14.

Kwa hiyo swali la kwanza kumuuliza daktari ni hili: vinyama vilikuwa na ukubwa gani, na vilikatwa kwa umeme au bila umeme? Jibu lake ndilo litakalowaambia kama katazo la shangazi linahusu siku moja, siku chache, au wiki mbili.

Sasa matunda yenyewe. Tunaposema chakula laini kwa mgonjwa wa utumbo mpana, tunamaanisha chakula kinachoacha mabaki machache baada ya kusagwa tumboni, ili kinachopita kwenye kidonda kiwe kidogo na laini. Katika tunda, mabaki hutoka sehemu tatu: ganda, mbegu na nyuzi. Ukiviondoa hivyo vitatu, matunda mengi yanayodhaniwa kuwa hatari yanakuwa salama kabisa.

Ndizi mbivu ndiyo ninayoanza nayo kwa kila mgonjwa, iwe kisukari au mtwike, mradi imeiva sawasawa na ganda lake limeanza madoadoa. Ndizi ambayo haijaiva vizuri ina wanga usiosagika kirahisi na inaweza kumjaza mgonjwa gesi au kumfanya akose choo. Papai bivu linafuata. Gramu 100 zake zina chini ya gramu 2 za nyuzinyuzi, na nyama yake husagika hata kwa ulimi. Mbegu zake baba mdogo aziweke kando. Zinajulikana kama dawa ya minyoo ya kienyeji, na utumbo wenye kidonda kibichi si mahali pa kuzijaribia. Tufaha lichemshwe au lipikwe kwa mvuke baada ya kumenywa. Chungwa na chenza mzee anyonye maji yake na kutema makapi, kama wazee wetu wengi wanavyofanya hata wakiwa wazima.

Embe bivu lisilo na nyuzi linaruhusiwa, kwa kiasi, likatwe vipande vidogo. Zile embe ndogo za kienyeji ambazo ukimaliza kuzila unakaa na kijiti cha meno, hizo zisubiri. Embe bichi lenye pilipili nalo lisubiri: ni gumu, lina asidi kali, na pilipili huwasha mpaka inapotokea. Mzee atanuna, lakini msimu wa embe ni mrefu.

Tunda moja huwapotosha watu, nalo ni tikiti maji. Lina nyuzinyuzi chache mno, hazifiki hata nusu gramu katika gramu 100, hivyo kwa hesabu ya mabaki lingekuwa la kwanza. Hata hivyo lina sukari ya matunda nyingi ambayo baadhi ya matumbo hayaimudu, na matokeo yake ni gesi. Siku mbili za mwanzo mgonjwa bado ana hewa iliyoingizwa wakati wa kipimo. Ukimwongezea gesi ya tikiti, tumbo litajaa na kuuma, na nyumba nzima haitajua kama yale ni maumivu ya kawaida au utumbo umetoboka. Ale kipande kimoja kilichotolewa mbegu, siku ya tatu na kuendelea. Fenesi nalo nalihesabu katika kundi hilohilo la gesi.

Ya kuahirisha kwa mtu aliyekatwa kinyama kikubwa ni pera, pasheni pamoja na mbegu zake, komamanga, nanasi, zabibu kavu, nazi na miwa ya kutafuna. Pasheni iliyosagwa na kuchujwa vizuri haina tatizo.

#3 – Mchangiaji

Nashukuru kwa maelezo ya muuguzi, lakini naomba kuuliza kwa heshima. Habari hii ya mbegu kunasa kwenye kidonda nimeisikia tangu nikiwa mtoto, tulipokuwa tukitishwa kwamba mbegu za pera huingia kwenye kidole tumbo. Je, kuna ushahidi wowote, au ni hofu iliyovalishwa koti jeupe? Chakula kinapofika kwenye utumbo mpana si kimeshakuwa ujiuji?

#4 – Muuguzi

Swali lako ni la haki. Ushahidi wa moja kwa moja kwamba mbegu ya pera huchokonoa kidonda cha polipu ni dhaifu, na ndiyo maana utakuta hospitali mbili zikitoa masharti tofauti kwa ugonjwa uleule. Mfano wa karibu ni wa watu wenye vifuko kwenye ukuta wa utumbo mpana. Kwa miaka mingi walikatazwa karanga, mahindi na bisi kwa hoja hiyohiyo ya kunasa, mpaka utafiti wa Marekani uliowafuatilia wanaume 47,228 kwa miaka 18, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2008, ulipoonyesha kwamba waliokula vitu hivyo hawakupata madhara zaidi ya wenzao.

Kuhusu ujiuji, uko sahihi kwa nusu ya utumbo. Upande wa kulia wa utumbo mpana, mahali unapoanzia, kinachopita bado ni maji maji. Kadiri kinavyoelekea upande wa kushoto ndivyo maji yanavyofyonzwa na choo kinavyokuwa kigumu. Kinyama kilichokatwa karibu na njia ya haja kubwa hupitiwa na kitu kigumu zaidi, lakini ukuta wa upande wa kulia ni mwembamba zaidi, kwa hiyo huwezi kusema upande huu ni salama kuliko ule.

Mimi nayachukulia masharti ya mbegu kama tahadhari ya muda mfupi isiyomgharimu mgonjwa kitu. Kukaa wiki mbili bila pera hakumdhuru mtu. Kinachodhuru ni mgonjwa kuogopa matunda yote, akaishi kwa uji mweupe na mkate, kisha akapata choo kigumu na kuanza kujikamua kwa nguvu chooni huku kidonda kikiwa bado kibichi.

#5 – Mleta mada

Nimeelewa, na hoja hii ya choo kigumu nadhani ndiyo itakayomlainisha shangazi. Naomba kuongeza maswali mawili. La kwanza ni kuhusu ule ukwaju wa jirani. La pili ni kuhusu parachichi, kwa maana mzee amezoea kulila kila mchana, na nimesoma kwamba lina nyuzinyuzi nyingi kuliko matunda karibu yote mliyoyataja.

#6 – Muuguzi

Ukwaju hulegeza tumbo, na mgonjwa wako ametoka kunywa dawa ya kusafisha utumbo usiku wa kuamkia kipimo. Utumbo wake ni mtupu, na mara nyingi choo cha kwanza huchelewa siku moja au mbili bila kuwa na tatizo lolote. Akinywa ukwaju mkali akaharisha, atapoteza maji mengine juu ya yale aliyoyapoteza wakati wa kusafisha utumbo. Maji ya kutosha, papai na ndizi vitamfikisha. Akikaa zaidi ya siku tatu bila choo, mpigieni daktari, naye ataamua kama ampe dawa ya kulainisha.

Parachichi ni kweli lina takriban gramu 6 hadi 7 za nyuzinyuzi katika gramu 100, wakati ndizi ina chini ya gramu 3. Hata hivyo nyama yake ni laini na haina makapi ya kutafuna, kwa hiyo siku za mwanzo ale vipande vichache badala ya nusu tunda, halafu aongeze.

Kwa kuwa umetaja aspirini na dawa za presha, nisisitize mawili. Aspirini isisimamishwe wala kuendelezwa kwa ushauri wa jukwaani. Daktari aliyemkata anajua kama anayo, na kama hajui aambiwe leo. Balungi nalo waliache mpaka mjue jina la dawa ya presha, kwa sababu huongeza kiwango cha baadhi ya dawa katika damu, nifedipini ikiwa mojawapo, pamoja na simvastatini inayotumika kupunguza lehemu. Hili halitokani na kidonda, lakini watu wengi hununua balungi wakiwa wagonjwa kwa sababu tu wanaliona kama tunda la afya.

#7 – Mchangiaji kutoka Muscat

Assalaam alaykum. Sisi huku tuna swali la tende. Mama yangu alitolewa kinyama kikubwa siku chache kabla ya Ramadhani, na kila aliyekuja kumjulia hali alikuja na kasha la tende. Daktari wake alimkataza kufunga kwa muda, kwanza kwa sababu ya maji mwilini, lakini tende hakuzikataza moja kwa moja. Alisema ale zile laini zilizoiva karibuni, ambazo hapa tunaziita rutab, aondoe kokwa na kumenya ganda, na asizidishe mbili au tatu. Zile kavu zenye ganda gumu alimwambia aziloweke kwenye maji ya moto mpaka zivurugike, kisha azichuje. Tulifanya hivyo, tukachanganya na maziwa kidogo, na mama aliridhika kwamba hakukosa tende katika mwezi huo.

#8 – Mchangiaji

Wa alaykum salaam. Kwa wenye kisukari naomba waliangalie suala hilo la tende na juisi kwa jicho la pili. Mimi ni mgonjwa wa kisukari na nilitolewa polipu mwaka jana. Kila chakula laini nilichoshauriwa kilikuwa cha kupandisha sukari: wali mweupe, mkate mweupe, juisi iliyochujwa. Ukichuja juisi unaondoa nyuzinyuzi zilizokuwa zikipunguza kasi ya sukari kuingia kwenye damu. Mtaalamu wa lishe alinishauri nile tunda zima lililomenywa badala ya juisi, kiasi cha kujaa kiganja kwa mlo mmoja, na nilile pamoja na chakula chenye protini kama yai au samaki. Nilipima sukari mara nyingi zaidi katika siku zile.

Wenye matatizo ya figo nao wasinywe madafu na kula ndizi kwa wingi bila kuuliza, kwa kuwa vyote viwili vina potasiamu nyingi.

#9 – Mchangiaji kutoka Mombasa

Niongezee la usafi, kwa sababu naona halijaguswa. Tikiti na nanasi za kukatwa kando ya barabara, zilizofunikwa kwa plastiki au zilizomwagiwa maji ambayo hujui yametoka wapi, zinaweza kumharisha hata mtu mzima wa afya. Mgonjwa aliyekatwa kinyama akianza kuharisha, kutapika na kupata homa, daktari analazimika kuchunguza kama ni maambukizi ya chakula au ni ukuta wa utumbo ulioungua. Mnunue tunda zima, mlioshe kwa maji safi kabla ya kulimenya, mlikate nyumbani na lisilale. Kwa embe, huku Pwani tunayo ngowe, ambayo haina nyuzi za kusumbua, na nadhani ingemtuliza huyo mzee.

Muepuke pia juisi ya kiazisukari, na lile tunda jekundu la joka linalouzwa siku hizi kwenye maduka makubwa. Yote mawili hupaka choo rangi nyekundu, na mtu anayechunguza choo chake kila asubuhi akitafuta damu atapata mshtuko usio na sababu.

#10 – Mchangiaji

Nimefuatilia uzi huu kwa makini kwa kuwa nilisomea afya ya jamii, na kuna jambo moja ambalo shangazi na baba mdogo wote wawili wangependa kulijua: je, matunda yatazuia vinyama visirudi?

Wazo kwamba nyuzinyuzi hulinda utumbo lina mizizi hapa kwetu Afrika Mashariki. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi Uganda hadi mwaka 1966, muda mrefu ukiwa katika hospitali ya Mulago, aliona kwamba saratani ya utumbo mpana ilikuwa adimu kwa watu wa vijijini waliokula vyakula visivyokobolewa, wakati ilikuwa ya kawaida Ulaya. Katika miaka ya 1970 alilieneza wazo hilo duniani kote.

Lakini lilipopimwa kwa watu ambao tayari walikuwa wametolewa polipu, matokeo hayakuwa kama yalivyotarajiwa. Huko Marekani watu 2,079 waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilifundishwa kula mafuta kidogo, matunda, mboga na nyuzinyuzi kwa wingi, na jingine liliendelea na chakula chake. Matokeo yalichapishwa mwaka 2000: baada ya takriban miaka minne, vinyama vilikuwa vimerudi kwa asilimia 39.7 ya kundi la kwanza na asilimia 39.5 ya kundi la pili. Huwezi kupata ulinganifu mkubwa zaidi ya huo.

Sisemi kwamba matunda hayana kazi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, kwa faida ya moyo, presha na mengine mengi, na miaka minne ni muda mfupi kwa ugonjwa unaokua polepole. Ninachokataa ni kumwambia mgonjwa kwamba akila papai kila siku hana haja ya kurudi kwenye kamera. Mzee akipona, ale matunda yote aliyokatazwa, mapera yakiwemo, kwa maganda na mbegu zake. Apunguze soseji na nyama nyingine za kusindikwa, ambazo shirika la utafiti wa saratani lililoko chini ya Shirika la Afya Duniani liliziweka mwaka 2015 katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani.

#11 – Mleta mada

Nimerudi na taarifa. Nilimpigia daktari na kumuuliza kama nilivyoelekezwa hapa. Kinyama kimoja kilikuwa kidogo na kilikatwa bila umeme. Cha pili kilikuwa cha milimita 15 na kilikatwa kwa umeme, kisha akakibana na kibanio kidogo cha chuma. Amesema mzee aendelee na vyakula laini mpaka wiki mbili zitimie, na ameafiki ndizi, papai, embe lisilo na nyuzi na parachichi kidogo. Kuhusu aspirini alikuwa na habari nayo na ametupa maelekezo. Shangazi amekubali papai kwa sharti kwamba alimenye yeye mwenyewe, na baba mdogo amezitupa mbegu kwa shingo upande.

Swali langu la mwisho: nikiona alama ya damu kwenye karatasi ya chooni katika hizi wiki mbili, nikimbie hospitali au nisubiri?

#12 – Muuguzi

Michirizi midogo kwenye karatasi siku ya kwanza au ya pili, mzee akiwa hana maumivu wala kizunguzungu, huwa si ya kutisha. Mwarifuni daktari na mwangalie choo kinachofuata. Damu inayojaa sinki, mabonge ya damu, choo cheusi kama lami, kizunguzungu akisimama, homa, kutapika, au tumbo lililokaza na kuuma mfululizo, hayo hayasubiri asubuhi, na mgonjwa asipewe chakula wala tunda njiani kwa sababu huenda kamera au upasuaji ukahitajika saa hiyohiyo. Kwa sababu hiyo msimpeleke kijijini kupumzika kabla wiki mbili hazijaisha. Akiumwa kichwa au viungo, apewe parasetamoli. Diklofenaki na ibuprofeni asipewe bila idhini ya daktari, kwa kuwa huongeza uwezekano wa kutokwa na damu.

Siku ya kuchukua majibu, ombeni ripoti ya maandishi yenye idadi, ukubwa na aina ya vinyama, na mwitunze, kwa kuwa ndiyo inayopanga kamera inayofuata. Kwa mwongozo wa Marekani wa mwaka 2020, mtu aliyetolewa adenoma (aina ya kinyama ambacho kikiachwa kinaweza kugeuka saratani) moja au mbili ndogo anaweza kusubiri miaka 7 hadi 10, lakini ile ya milimita 10 au zaidi hurudishwa kuangaliwa baada ya miaka 3. Kama kinyama cha pili cha mzee kitaonekana kuwa adenoma, basi yuko katika kundi hilo la pili, na daktari wenu ndiye atakayethibitisha tarehe. Baada ya wiki mbili, iwapo hajatokwa na damu, anzeni na chungwa pamoja na makapi yake, kisha nanasi, na pera liwe la mwisho. Kila tunda jipya lipeni siku moja au mbili kabla ya kuongeza jingine.